Pale Juu, Niachie Mimi

Kiomboi,
Alhamisi jioni.

Mwanangu Elibariki,

Barua hii utaikuta katikati ya nguo, chini ya lile koti lako jeusi la jukwaani. Usiisomee kwenye basi. Nakujua, ukifika nusu utataka kunipigia simu, mtandao utakatika huko porini, nami nitabaki hapa nikishuku kwamba umenikatia makusudi. Isome ukishafika Arusha, umeshakula, umekaa peke yako.

Sasa hivi umekwenda kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama mkwe wangu, hatakuachia mpaka umalize kuku mzima. Kwa hiyo muda ninao. Mambo ya kila siku sitayaandika. Ya kutunza hela, ya kusali, ya kutolala na simu chini ya mto, hayo baba yako atakuambia kesho stendi, basi likiwa linaunguruma na kondakta anagonga bodi, maana ndiyo saa anayokumbuka kwamba ana mtoto. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la koo lako. Nitazunguka kidogo kabla sijalifikia, univumilie.

Wewe husema mama yako ni mtu wa kushuku. Sikatai. Ungeuza mafuta ya alizeti miaka niliyouza mimi, ungekuwa hivi hivi. Mtu anakuletea dumu, anaapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yake kwamba yamekamuliwa leo asubuhi, ukilifungua unakuta juu yanang'aa na chini yamechanganywa na ya msimu uliopita. Nimezoea kunusa kwanza, salamu baadaye. Ndiyo maana siku ile ulipotoka studio kule Singida mjini, ukaniwekea wimbo wenu kwenye simu na kusimama mlangoni ukinitazama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, mimi sikucheka wala sikulia. Nilinusa.

Huo muziki wenu wa roki siujui sana. Magitaa yananguruma kama mashine yetu ya kukamulia ikikosa grisi, na mpiga ngoma wenu anapiga kama anafukuza ndege shambani. Lakini sauti naijua. Ulipofika mwishoni, kwenye lile neno "Nipisheni", ukaipandisha "ni" ya mwisho juu kabisa, ukaishikilia, ikakwaruza bila kupasuka, vinyweleo vilinisimama. Nikakuomba uurudie. Ukaurudia. Nikakuuliza, "Hapa katikati ulipumulia wapi?"

Ukacheka. "Mama nawe! Unasikiliza muziki au unapekua?"

"Napekua. Ulipumulia wapi?"

Ndipo ukasema. Kwamba prodyuza alikurekodi mstari mmoja mmoja, ukimaliza mmoja unakunywa maji, unatoka nje kupunga upepo, unarudi. Kwamba ile ya juu uliifanya siku nyingine kabisa, ukiwa umelala vizuri, ukaipiga mara nyingi, akachagua moja iliyotoka safi na kuilaza juu ya nyingine ili inenepe. Ulikuwa unasimulia kwa furaha, na mimi nilifurahi pia, usifikiri sikufurahi. Ila nilikuuliza, "Na jukwaani? Watu watakusubiri ukapunge upepo?"

"Jukwaani kuna mzuka, mama. Mzuka utanibeba."

Nikarudi kwenye madumu yangu, ukadhani nimeridhika. Sikuridhika hata kidogo. Huo mzuka ulishanibeba mimi, ukanishusha pabaya.

Wewe umezaliwa ukanikuta na sauti hii. Ulipokuwa mdogo uliniuliza mbele ya wageni kwa nini naongea kama baba. Watu wa hapa wana maelezo yao, wengine wanasema ni moshi wa jikoni, wengine wanasema nililogwa. Najua pia kwamba umesikia vipande kwa shangazi yako wa Utemini, ambaye siku sauti yangu ilipoharibika hakuwepo lakini anaisimulia kuliko waliokuwepo. Sasa isikie kwa mwenyewe.

Nilikuwa naimba sauti ya kwanza katika kwaya yetu, na nyimbo nyingi niliziongoza mimi. Tukaenda kurekodi kaseti, mji wa mbali, studio ya chumba kimoja ambacho kuta zake zimebandikwa trei za mayai. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao kiitikio chake kinaishia na neno "mbinguni". Mtaalamu wa pale akasema tuanze wimbo juu zaidi ya tulivyozoea, utang'aa. Tukaanza juu. Pale kwenye "ni" ya mwisho nikawa nagusa dari. Nikaimba, nikarudia, nikarudia tena, yeye akawa anakata hapa na kuunga pale, mwisho akaiweka sauti yangu juu ya sauti yangu mpaka nikasikika kama wasichana wengi wenye koo moja.

Kaseti ilipotoka niliisikiliza mpaka utepe ukalegea. Nikaanza kuamini kwamba yule msichana ndiye mimi. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, wala mtaalamu wa watu sitamsingizia. Yule wa kwenye kaseti hakuwahi kusimama mahali pamoja akaimba kwa pumzi moja. Aliungwa kutokana na mimi wa asubuhi, mimi wa jioni na mimi wa kesho yake. Aliyekuwa anasubiriwa kwenye uzinduzi alikuwa mmoja tu, tena mwenye mafua.

Siku chache kabla ya uzinduzi, mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Kitundu, aliniita pembeni. Alikuwa mtu mpole, anazungumza huku anatazama viatu vyake. "Binti," akasema, "tutaimba nje, jua kali, vumbi, na maiki yenyewe ya kuazima. Tushushe ki ya wimbo, tuanzie chini kidogo. Na pale juu mwishoni, wewe shuka kwenye sauti ya pili. Ya juu waachie mama zetu."

Hakueleza zaidi. Alidhani nimeelewa, maana mtu yeyote aliyekulia huku kwetu angeelewa.

Unajua harusi zetu zinavyokwenda. Anayeongoza nyimbo anaimba tangu bibi harusi hajatolewa ndani mpaka wageni wa mwisho wanaondoka, na hakuna koo la binadamu linaloweza kazi hiyo peke yake. Linaiweza kwa sababu kina mama wamemzunguka. Wimbo unapopanda, kabla hajafika kileleni, vigelegele vinapasuka. Watu wanaona ni furaha, na ni furaha kweli, lakini humo humo ndani mwenye kuongoza anafunga mdomo, anameza mate, anavuta pumzi. Vikishuka, naye anaingia tena taratibu kutoka chini. Hapigani navyo. Hayo niliyajua tangu nikiwa msichana wa kutumwa maji. Ila nilipopewa maiki, na kaseti ikatoka na picha yangu kwenye ganda, nikaona kwamba hizo ni desturi za harusini, hazimhusu mtu aliyerekodi.

Basi Mwalimu aliposema niwaachie mama zetu, mimi nikanusa. Nikakumbuka kwamba mtoto wa dada yake naye anaimba sauti ya kwanza. Nikajua, au nikajidanganya kwamba najua, kuwa nikishushwa leo, kesho nafasi ni ya yule. Nikamjibu, "Mwalimu, watu wanatoka mpaka Mtinko kuja kusikia walichokisikia kwenye kaseti. Nikiimba pungufu watasema si mimi." Mwalimu akatazama viatu vyake, akaondoka.

Siku ikafika. Uwanja umejaa, watoto wako juu ya miti na juu ya mawe. Kina mama waliongozwa na Mama Msengi, huyu huyu unayemjua, ila wakati huo alikuwa na nguvu za kubeba gunia peke yake. Mimi na yeye tulikuwa na kinyongo. Yeye ndiye aliyechagua vitenge vya sare ya kwaya, nami nilisema mbele za watu kwamba ile ni rangi ya mapazia.

Tukaanza. Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri. Kiitikio kikapanda, na mara tu nilipokaribia "mbinguni", Mama Msengi na wenzake wakapasua vigelegele. Vikali, vya pamoja, juu kabisa. Sauti yangu ikapotea humo ndani. Mtu mwenye akili angeshukuru, akapumua. Mimi niliona jambo moja tu, kwamba yule mama ananifunika kwa ajili ya vitenge.

Kiitikio cha pili nikaishika maiki karibu na meno, nikapiga kelele nivipite. Wao wakanisikia nahangaika, wakaongeza. Mimi nikaongeza. Kila nikizidisha wanazidisha, na mitambo yenyewe ilikuwa imewageukia watu, mimi huku nyuma sijisikii hata kidogo, na asiyejisikia hupayuka. Kiitikio cha mwisho nilifungua mdomo na kitu fulani humu kooni kikaachia. Ikatoka sauti kama ya kitambaa kinachochanwa. Baada yake ukatoka upepo tu.

Watu walipiga makofi. Walidhani nimezidiwa na Roho.

Hospitali daktari aliniambia ninyamaze kabisa, hata kunong'ona nisinong'one, kwa sababu kunong'ona nako kunalichosha koo. Mimi nikamshuku hata daktari. Nikajiambia, huyu hajui muziki, anataka nikae kimya wenzangu wachukue nafasi. Nikanong'ona wiki nzima nikimsema Mama Msengi kwa kila aliyekuja kunijulia hali, na Jumapili iliyofuata nikasimama kuimba. Toka siku hiyo ile ya juu haikurudi. Ya chini ikabaki na huu ukwaruzo. Nililia, Eli. Nilikuwa naingia shambani, alizeti zimenipita kimo, najaribu peke yangu kila siku nikidhani leo itatoka. Haikutoka. Mwisho nikaacha kujaribu, nikaolewa, nikaanza kuuza mafuta.

Miaka ikapita. Wewe ulikuwa umeshaanza shule, tulipopangwa sufuria moja na Mama Msengi kwenye msiba wa jirani, tunasonga ugali wa waombolezaji. Ugali wa msibani ni kazi ya watu wawili, hamwezi kusonga mkiwa mmenuniana, mwiko utawakataa. Tukasonga. Katikati ya moshi akaniuliza, "Hivi wewe, siku ile ulikuwa unapigana na nani?"

"Na nyinyi," nikasema. "Mlikuwa mnanifunika."

Akaacha mwiko ndani ya ugali. "Tunakufunika? Tulikuwa tunakubeba, mwana wewe! Mwalimu alikuja nyumbani kwangu usiku akanisihi, akasema yule mtoto amekataa kushuka, pale juu mpokeeni. Tukakupokea. Tukaona unapasuka, tukazidisha. Nawe ukazidisha! Nikasema, huyu ana shetani gani?"

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Ulikuwa hunisalimii."

Kweli, nilikuwa simsalimii. Mkubwa wangu kwa umri, napishana naye njiani nimegeuzia uso ukutani, sipeleki shikamoo. Siku hiyo niliipeleka, machozi na moshi vimechanganyika, akaitika marahaba kwa sauti ya chini akaniambia nigeuze ugali unaungua.

Sasa nakuja kwako.

Jumapili nilipokuwa nafua koti lako jeusi nilikuta kichupa mfukoni. Dawa ya kupuliza kooni. Unanijua, nilipuliza kidogo kwenye ulimi. Ukafa. Nikalamba chumvi, sikuisikia. Nikajua ni dawa ya ganzi, na nikajua ya nini.

Nikamfikiria Kelvini. Usikasirike. Huyo kiongozi wenu mpiga gitaa alipokuja hapa mwezi uliopita alinipa shikamoo tamu mno, akaongeza ugali mara mbili, akasifia mchuzi ambao hata mimi niliona haukukolea. Mtu anayesifia mchuzi mbaya ana lake. Halafu nikiwa bandani nafungia kuku niliwasikia mko nje, akakwambia, "Koo likigoma tutaweka pleibeki, wewe utachezesha mdomo tu." Niliisikia kwa masikio yangu. Kwa hiyo nilipokiona kile kichupa nikasema moyoni, kikulacho ki nguoni mwako, na kweli kilikuwa nguoni. Nikakuona umesimama mbele za watu na koo lililotiwa ganzi, linachanika nawe husikii, na likishachanika kabisa wanakuwekea kaseti nyuma, unafumba na kufumbua mdomo kama samaki.

Ulipokuwa unaoga nilichukua namba yake kwenye simu yako. Ndiyo, nilichukua. Nikampigia nikiwa nimejifungia kwenye banda la mashine.

"Mama, shikamoo," akasema.

"Marahaba. Hiyo dawa ya ganzi umempa mwanangu ya nini?"

Nikasikia gitaa linawekwa chini. Nikajua nimemnasa.

"Dawa gani, mama?"

"Ya kupuliza kooni. Usijifanye."

"Mama, mimi sijampa dawa." Kisha akafungua moyo. "Afadhali umepiga. Mimi nimelegeza nyuzi za gitaa ili ule wimbo ushuke. Eli akifika mazoezini anataka zirudishwe juu kama kwenye rekodi. Nimemwambia tuuweke katikati ya shoo, koo likiwa na moto lakini halijachoka, anataka uwe wa kufungia. Nimemwambia ile ya mwisho tuwaachie mashabiki waimbe, wanaijua, anasema huo ni ujanja wa wasioweza. Ile ya pleibeki nilisema kumtia aibu, mama, labda atakubali kushuka. Amecheka tu. Na safari yetu ya shoo inaanzia huku Arusha inaishia Singida. Kwa anavyokwenda, koo halitafika Singida."

Sikumwamini papo hapo. Nilimuuliza maswali mengine kama askari, nikamuuliza na kwao ni wapi na mama yake ni nani, akajibu yote kwa adabu. Nimemwamini nusu. Nusu nyingine nimeiweka akiba, maana mchuzi ule kweli haukukolea. Lakini nilipokata simu nilikaa juu ya gunia la mashudu. Nilikuwa nimenusa madumu ya watu wote, la kwangu sikulinusa.

Mtu wa kushukiwa katika bendi yenu ni wewe, mwanangu. Ni wewe unayetaka nyuzi zikazwe. Ni wewe uliyenunua ganzi. Niliisikia sauti yangu mwenyewe ya zamani ikisema watasema si mimi, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa tangu ulipougua surua.

Sitakuambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo niliambiwa mimi mpaka ikachakaa, na guu lilivunjika vile vile. Nitakuambia ninachokijua tu. Ganzi haiponyi. Maumivu ya koo ni kama mbwa wa nyumbani, anabweka usiku unaudhika, lakini ukimpa sumu usishangae asubuhi kukuta zizi tupu. Kichupa usikitafute, nimekimwaga chooni, na asali ya Itigi nimeitia kwenye chupa ndogo ndani ya begi. Hiyo nayo usiishuku wala usiiamini sana, ni tamu tu, haiimbi.

Lingine ni la ile "ni". Sauti ya "i" inabana mlango, ukiwa juu kabisa unasukuma gari kwenye kichochoro. Nilifundishwa nikiwa nimeshachelewa kwamba unaielekeza kwenye "e", unaachia taya, na aliyeko mbali bado anasikia "ni" kwa sababu neno analijua. Kwenye studio maiki iko puani pako, kila kitu kinasikika. Uwanjani watu wanasikia kwa nusu ya kumbukumbu. Unaweza kukaa sauti ya chini, ukapanda mara moja tu usiku huo pale inapouma mioyo, wakarudi makwao wakiapa kwamba ulikuwa juu muda wote. Na mbembeleze fundi mitambo wenu, mpe soda, mwambie akurudishie sauti yako kwenye spika ya miguuni ujisikie. Mimi nilipotea kwa sababu sikujisikia, na kwa sababu nilidhani wanaonizunguka ni maadui.

Sisemi studio ni uongo. Wimbo wenu ni mzuri, sasa naandika ili usije ukasema sikuwahi kusema. Nauweka bandani baba yako akiwa hayupo, hata kuku wameuzoea. Lakini wimbo wa studio umeimbwa ukaisha, hauna kesho. Wewe unayo kesho, na keshokutwa, na mji mwingine baada ya huo. Ukishusha nyuzi leo hujashindwa na yule Eli anayeimba kwenye simu. Yule hana koo, Eli. Anayeweza kuumia ni wewe.

Naona naanza kuhubiri, na nilijiapiza nisihubiri. Ukweli ni kwamba naogopa. Nakuachia uende kesho, nitakupungia mkono pale stendi nikitabasamu, ila usiku nitakaa nikishuku kila simu isiyoita. Sina dawa ya hilo. Wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye, na kulia kwa ajili ya koo mimi nilishamaliza zamu yangu, sitaki uje kuipokea.

Kwa hiyo nimefanya mpango, na sikukuomba ruhusa. Jana nilikwenda kwa Mama Msengi. Sasa ni mzee, magoti yanamsumbua, lakini nilipomweleza habari ya wimbo wako alinikatiza, akasema niuimbe. Nikauimba na sauti hii hii. Nilipofika kwenye "Nipisheni", kabla sijajua la kufanya, alikuwa ameshapokea. Kuku wake walitawanyika uani. Akaniuliza, "Ni hapo?" Nikasema ni hapo. Akasema, "Basi nauli ya Singida nitafutie, vitenge ninavyo."

Ni vile vile vya mapazia. Tutakuja, mimi na yeye na wengine waliobaki wa siku ile. Tutasimama mbele kabisa karibu na maspika, tumejaza pamba masikioni, katikati ya vijana wenu wenye nywele za rangi. Watatucheka, wacha wacheke. Wewe usione aibu. Kigelegele hakihitaji koo kama langu lilivyokuwa, kazi yake kubwa ni ya ulimi, na ulimi wangu, muulize baba yako, haujawahi kuugua hata siku moja.

Fika Singida na koo lako, mwanangu. Hilo tu ndilo ninalokuomba, mengine yote ni maneno ya mama. Mruhusu Kelvini alegeze nyuzi, na huko njiani kote wape watu hiyo ya juu, wataipokea, watu huwa wanapokea kuliko tunavyowadhania. Na usiku wa Singida, ukikaribia ile "ni" ya mwisho, tutafute kwa macho, nyoosha maiki upande wetu, kisha funga mdomo na upumue. Usipigane nasi. Pale juu niachie mimi. Umekua maisha yako yote ukinisikia sauti ya chini tu, na mimi nina moja ya juu ambayo hujawahi kuisikia.

Mimi mama yako.